Kuamsha fowili ya ATV: shajara ya kazi

Jumamosi

Mashine ni ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne ya njia mbovu. Iko juu ya stendi nne, magurudumu yote yananing'inia. Injini haina tatizo. Inawaka vizuri, gia zinaingia, mkanda wa CVT (gia inayojibadilisha yenyewe kwa mkanda) umebadilishwa si zamani. Kilichoileta hapa ni fowili (4WD), yaani magurudumu yote manne kuvuta kwa pamoja. Mwenye mashine anaeleza kwamba ukibonyeza swichi kwenye usukani, alama ya 4WD inatokea kwenye skrini kama kawaida, lakini ukiingia matopeni tairi za nyuma zinachimba shimo huku za mbele zimetulia tu. Wakati mwingine inashika, mara nyingi haishiki.

Hiyo "wakati mwingine" ndiyo iliyonivutia. Chuma kilichovunjika hakishiki hata siku moja. Kikishika leo kikagoma kesho, vyuma vipo, na kuna kitu kinachovizuia visikutane.

Kabla ya kushika spana nimeandika kwa chaki ukutani: *swichi inaomba, tairi ya nyuma ndiyo inayoingiza.* Nimeiweka pale ili kila ninachopima wiki hii nikipime kwa sentensi hiyo. Watu wengi wanaichukulia swichi ya fowili kama swichi ya taa ya chumbani: ukibonyeza, kazi imekwisha. Kwenye aina hii ya ATV, swichi inapeleka umeme mdogo tu kwenye koili, waya uliosokotwa unaogeuka sumaku ukipata umeme, iliyo ndani ya boksi la gia la mbele. Umeme huo peke yake hauwezi kuzungusha gurudumu hata robo. Unachofanya ni kuandaa. Nguvu ya kushika inatoka kwenye tofauti ya mwendo kati ya nyuma na mbele, na tofauti hiyo inapatikana pale tairi za nyuma zinapoanza kuteleza.

Kwa hiyo skrini ikiandika 4WD, inakuambia kwamba umeomba. Haijui kama umepewa.

Jumamosi, usiku

Nimekaa kupanga kichwani aina za fowili zilizopo kwenye ATV, kwa sababu ushauri ulio sahihi kwa aina moja unaweza kuua nyingine.

Honda walipotoa TRX350 yenye fowili mwaka 1986, fowili hiyo ilikuwa ya muda wote. Mbele na nyuma vilivuta pamoja tangu unapoondoka mpaka unapozima, na dereva hakuwa na la kukumbuka. Gharama yake aliilipa kwa mikono, maana usukani unakuwa mzito na kila kona kali tairi zinaburuzwa kidogo.

Kundi la pili, ambalo leo ni kubwa, ni la klachi ya meno. Mota ndogo ya umeme imefungwa kwenye difu ya mbele, yaani gia zinazogawa mwendo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Inasukuma uma, uma unatelezesha koplingi yenye meno, koplingi inakamatanisha vyuma viwili vilivyokuwa vinazunguka kila kimoja kivyake. Yamaha kwenye Grizzly wameongeza hatua ya tatu, ambapo difu yenyewe inafungwa ili magurudumu mawili ya mbele yazunguke sawasawa hata moja likiwa hewani. Ugumu wa meno ni kwamba yakikutana uso kwa uso hayaingii. Mota inasubiri, taa inapepesa. Dawa yake ni kusogeza mashine taratibu mpaka meno yapishane, au kugeuza usukani kidogo huku inatembea. Wengi wakiona taa inapepesa wanaongeza moto, na hapo ndipo pembe za meno zinapolika. Jino likishalika pembe linaanza kuruka likipewa mzigo, kila kuruka kunalila zaidi, na mwisho unanunua koplingi nzima.

Kawasaki Brute Force ina wenzo mdogo kwenye usukani. Ukiubana, unabana sahani za klachi zilizo ndani ya difu ya mbele, hivyo kiasi cha kufunga kiko kwenye vidole vyako. Can-Am walikwenda kwenye kimiminika, kwa kifaa kinachoitwa Visco-Lok: gurudumu moja la mbele likikimbia kuliko mwenzake, tofauti hiyo ya mwendo inajenga presha ndani ya mafuta mazito ya silikoni, na presha inabana sahani. Dereva hana la kufanya isipokuwa kutoachia ekseleta kwa hofu, kwa sababu presha inahitaji sekunde chache za mzunguko ili ijengeke.

Mashine iliyo mbele yangu haina meno ya kuingiza, haina sahani za kubana. Ina rola.

Jumapili: umeme kwanza

Nimeanza na umeme kwa sababu hauhitaji kumwaga oili.

Koili yenyewe nimeipima kwenye plagi yake, imetoka: ohm 24 na pointi kidogo, ambayo ndiyo inayotarajiwa kwa koili za aina hii. Kisha nimewasha swichi na kupima volti kwenye plagi ikiwa imechomolewa: 12.4. Mafundi wengi wanaishia hapa. Wanaona ohm ziko sawa, volti zipo, wanatangaza kwamba umeme ni mzima na tatizo liko ndani.

Plagi iliyochomolewa haina mzigo, na waya usio na mzigo unaweza kuonyesha volti nzuri hata kama umebaki uzi mmoja. Nimerudisha plagi, nikapenyeza sindano za mita kwa nyuma yake, nikawasha tena. Volti 7.9.

Sasa hesabu inaanza kusema. Kwa volti 12.4 koili ya ohm 24 inapitisha karibu nusu ampea. Kwa volti 7.9 inapitisha theluthi moja ya ampea. Unaweza kusema tofauti si kubwa. Lakini nguvu ya sumaku ya kuvuta chuma haishuki sambamba na ampea, inashuka kwa mraba wake. Theluthi mbili ya umeme hapa inakuachia asilimia 40 hivi ya mvuto. Mvuto huo unaweza kutosha oili ikiwa laini na vyuma vikiwa safi, usitoshe siku nyingine. Ndiyo "wakati mwingine" ya mwenye mashine, angalau sehemu yake.

Volti zilizopotea nimezitafuta upande wa arthi. Mguu mmoja wa mita kwenye waya wa arthi wa koili, mwingine kwenye hasi ya betri, swichi imewashwa: volti 4.1. Pale panatakiwa pasome karibu na sifuri. Nimeufuata waya mpaka chini ya fremu, nyuma ya bamba la kinga, nikakuta kituo chake (kichwa cha waya) kimefungwa kwa boliti juu ya rangi, kimeota ukungu wa kijani. Nimekata kipande kilichooza, nikabana kituo kipya, nikapiga msasa fremu mpaka chuma king'ae, nikapaka grisi ya kuzuia kutu na kufunga. Koili sasa inapata volti 12.1 ikiwa kazini.

Nimezungusha usukani kona hadi kona huku nikiangalia mita, kwa sababu waya wa koili unapita karibu na mahali panapojikunja kila unapokata kona, na mara nyingi hukatika ndani ya ganda bila kuonekana. Namba haikutikisika. Waya umepona.

Jumanne jioni: ndani ya boksi

Nimefungua boliti ya kumwagia na kilichotoka si kile kinachotakiwa kutoka. Ni oili nzito ya gia, ile ya difu za magari, nyeusi, inashuka polepole kama haitaki. Mashine hizi zinataka mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya boksi hili. Sababu inaonekana ukishafungua kifuniko.

Ndani hamna difu. Hilo huwashangaza watu kila mara, kwa sababu tumezoea kuliita "difu ya mbele". Hamna zile gia ndogo nne za kugawana mwendo. Kuna pinioni (gia ndogo) inayozungusha kraunwili (gia kubwa ya duara), na ndani ya kraunwili kuna hobu (vitovu) mbili, moja ya ekseli ya kushoto na moja ya kulia. Hobu hizo hazijaunganishwa na kraunwili kwa jino lolote. Kati ya kraunwili na hobu kuna rola, vijiti vya chuma vya mviringo, zilizokaa kwenye keji, fremu inayozishika kwa nafasi.

Nimeishika kraunwili chini ya taa na kuizungusha. Ukuta wake wa ndani si duara kamili. Umechongwa mabonde mapana, kila rola na bonde lake. Katikati ya bonde kuna nafasi ya kutosha, rola inacheza. Ukiisogeza kushoto au kulia, ukuta unakaribia hobu na rola inabanwa. Springi ndogo zinaiweka keji katikati, ili rola zote zikae mahali penye nafasi. Hapo hobu zinazunguka huru, na wewe uko 2WD, nyuma peke yake inavuta.

Koili imekaa ndani ya kifuniko. Mbele yake kuna sahani nyembamba ya chuma yenye vidole vinavyoingia kwenye keji. Kraunwili inazunguka muda wote mashine inapotembea, kwa sababu shafti ya propela ya mbele, ile inayoleta mzunguko wa injini mbele, haikatwi popote. Ukibonyeza swichi, koili inaivuta sahani, sahani inasuguana na uso wa koili ambao umesimama, na msuguano huo unaichelewesha keji kidogo. Kraunwili inaendelea mbele, keji inabaki nyuma kwa milimita chache, rola zinatoka katikati ya mabonde na kusogea upande unaobana.

Lakini bado hazijabana. Hapa ndipo penye akili ya kifaa hiki, na ndipo sentensi yangu ya ukutani inapopata uzito.

Meno ya boksi la mbele yamepigiwa hesabu ili kraunwili izunguke polepole kuliko magurudumu ya mbele. Unapotembea kawaida kwenye ardhi inayoshika, magurudumu ya mbele yanasukumwa na ardhi, na hobu zake zinakimbia kuliko kraunwili. Hobu inayokimbia inaisukuma rola kurudi kwenye nafasi, haiwezi kubanwa. Tairi za nyuma zikiteleza, mambo yanageuka. Injini inapanda, shafti ya propela inapanda pamoja nayo, kraunwili inaongeza mwendo, wakati mashine yenyewe imepunguza na magurudumu ya mbele yamepunguza nayo. Kraunwili inapozifikia hobu na kutaka kuzipita, rola zinanaswa kati ya ukuta na hobu, na mbele inashika kwa nguvu yote. Kadiri mzigo unavyozidi ndivyo rola zinavyojikaza. Tairi za nyuma zikipata ardhi tena, magurudumu ya mbele yanaipita kraunwili na rola zinaachia zenyewe.

Rudi nyuma, na kila kitu kinafanyika kwa upande wa pili wa bonde. Keji inacheleweshwa kinyume, rola zinaegemea ukuta wa pili. Bonde moja linahudumia njia zote mbili.

Kijana ninayefanya naye kazi aliangalia kwa muda, akauliza: "Fundi, na tukikata kona na kila upande una rola zake, nani anamwachia nani?" Swali zuri kabisa. Kwenye kona gurudumu la mbele la nje linakimbia kuliko la ndani. Hobu yake inaipita kraunwili, rola zake zinalegea. La ndani likiwa polepole linaendelea kuvuta. Kila hobu inaamua yenyewe, ndiyo maana gia za difu hazihitajiki. Na mkiwa kwenye matope, hobu zote mbili zikishafikiwa na kraunwili, magurudumu ya mbele yamefungwa pamoja bila kitufe cha ziada.

Sasa rudi kwenye oili. Kazi nzima inategemea msuguano mdogo kati ya sahani na uso wa koili, na wepesi wa keji kusogea milimita chache. Oili nzito inaweka utando kati ya sahani na koili, sahani inateleza badala ya kushika. Oili hiyohiyo ikiwa baridi inaweza kuiburuza keji bila umeme wowote, mashine ikaingia fowili bila kuombwa na dereva akasikia usukani mzito asubuhi. Utaambiwa mashine ina tabia mbaya. Ina oili mbaya.

Nimeosha kila kitu kwa mafuta ya kusafishia, nikakausha kwa upepo. Sahani nimeilaza juu ya kioo: imekaa sawa, haiyumbi, na alama ya msuguano imezunguka duara lote kwa upana uleule. Hiyo inaonyesha koili imekaa sambamba. Rola zote laini, hazina mikwaruzo wala sehemu bapa. Mabonde ya kraunwili hayajachimbika. Springi za keji mbili zimelegea, nimeagiza seti nzima. Springi iliyolegea hairudishi keji katikati haraka, na ukizima swichi fowili inaendelea kung'ang'ania.

Alhamisi: tairi

Wakati nasubiri springi nimepima kitu ambacho wanaofungua boksi hawakikumbuki.

Kwanza uwiano wa meno. Nimeweka alama za chaki kwenye gurudumu la nyuma, kwenye shafti ya propela na kwenye kraunwili, nikazungusha kwa mkono na kuhesabu. Gurudumu la nyuma likimaliza mzunguko mmoja, kraunwili ya mbele inakwenda 0.82 ya mzunguko. Hiyo ndiyo tofauti iliyokusudiwa na waliotengeneza.

Kisha tairi. Za mbele zimeandikwa inchi 25, ndizo za kiwandani. Za nyuma zimeandikwa inchi 27, mtu alizipachika ili mashine inuke. Namba za ubavuni hazitoshi kwa hesabu hii, kwa sababu tairi ikibeba uzito inabonyea. Nimeshusha mashine kwenye sakafu tambarare, nikaweka upepo unaotakiwa, nikaisukuma na kupima kwa tepu umbali wa mzunguko mmoja kamili. Mbele: mita 1.88. Nyuma: mita 2.02.

Tairi zingekuwa sawa mbele na nyuma, kraunwili ingezifikia hobu pale tairi za nyuma zinapokimbia asilimia 22 zaidi ya ardhi. Hapo ni kama kuteleza robo hivi ya mzunguko, unaisikia kidogo na mbele inakuja. Kwa tairi hizi zilizopo, kila mzunguko wa nyuma unaisukuma mashine mbali zaidi, na magurudumu madogo ya mbele yanalazimika kuzunguka mara 1.074 kwa kila mzunguko mmoja wa nyuma. Hobu zinakimbia zaidi, kraunwili imeachwa mbali zaidi. Hesabu inatoa asilimia 31. Yaani tairi za nyuma zinateleza karibu theluthi kabla mbele haijaamka, na kwenye matope laini muda huo unatosha kuchimba hadi ekseli ilale.

Ukigeuza, ukaweka kubwa mbele na ndogo nyuma, unapata ugonjwa wa upande wa pili. Hobu zinakwenda polepole, zinaikaribia kraunwili hata kwenye ardhi kavu, na tofauti ya tairi ikiwa kubwa kiasi cha kuumaliza ule uwiano wa 0.82, ukiwasha swichi fowili inashika bila tairi yoyote kuteleza. Usukani unakaza, jointi za ekseli zinapata moto.

Nimepima pia umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: mita 1.27. Kwenye kona ambayo katikati ya ekseli ya nyuma inachora duara la nusu kipenyo mita 3, katikati ya ekseli ya mbele inachora mita 3.26, karibu asilimia 9 zaidi. Kwa mfumo wa rola asilimia hizo zinajumlishwa kwenye uhuru wa hobu, zinakwenda mbio, hakuna anayeumia. Kwa mfumo wa meno ni lazima zitoke mahali fulani, na zinatoka kwa tairi kuburuzwa au kwa shafti kujikunja. Ndiyo sababu mwenye klachi ya meno anashauriwa arudi 2WD akifika kwenye ardhi ngumu. Si heshima kwa mashine kuifungia fowili kwenye lami.

Jumamosi: kuunganisha

Springi mpya zimefika. Sili zote mbili za ekseli nimebadilisha hapohapo, kwa kuwa boksi liko mezani na maji yakiingia kazi yote inaanza upya. Mafuta mepesi ya aina yake, mpaka usawa wa tundu la kujazia.

Jaribio la mkono ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu unasikia kila hatua kwa vidole. Magurudumu ya mbele hewani, ufunguo umewashwa, swichi kwenye 2WD. Nimezungusha shafti ya propela kwa mkono: kraunwili inasikika ikizunguka, magurudumu yametulia. Swichi kwenye 4WD. Kuna mlio mdogo mkavu ndani ya boksi, sahani imekaa kwenye koili. Nimezungusha shafti tena, mbele: kidogo tu, kisha uzito ukaja mkononi na magurudumu yote mawili ya mbele yakafuata kwa pamoja.

Nimemwambia kijana aishike shafti imara pale ilipo. Nikashika gurudumu la kushoto nikalizungusha mbele, likaenda huru, kama hamna kitu. Nikalizungusha nyuma. Likakataa. La kulia vilevile. Kisha nikazima swichi, nikarudisha shafti kidogo, na yote yakawa huru pande zote.

Kama ukifanya jaribio hili na gurudumu moja linashika huku jingine linapita, usiilaumu koili. Koili ni moja na keji ni moja. Angalia rola na hobu za upande ule, au ekseli yenyewe kama meno yake ya ndani yamelika.

Jumapili: matopeni

Nimeazima tairi za nyuma za inchi 25 ili nijaribu boksi na uwiano wa kiwandani.

Mahali ni bonde lenye tope linalofika katikati ya rimu. Nimeingia kwanza na 2WD makusudi, nikaacha nyuma ianze kuteleza. Kisha nikaachia ekseleta kabisa, nikasubiri magurudumu yasimame, ndipo nikabonyeza swichi. Hatua hii haina mjadala. Ukiwasha swichi huku nyuma inazunguka kwa kasi na mbele imesimama, rola zinanaswa kwa kishindo, na kishindo hicho kinapita kwenye jointi za ekseli ambazo ndizo dhaifu kuliko zote. Kuna mashine ambazo kompyuta yake inakataa kuingiza mpaka mzunguko wa injini ushuke. Usiitegemee, iachie ekseleta wewe.

Nikabonyeza ekseleta taratibu. Nyuma ikateleza kidogo, mbele ikashika, usukani ukajivuta mikononi kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kutoka matopeni na fowili anaijua. Mashine ikapanda ukingo. Nimerudia kwa gia ya nyuma na imeshika vilevile. Nimekata kona kali kwenye ardhi kavu swichi ikiwa imewashwa, na usukani ukabaki mwepesi kama wa 2WD.

Mteremkoni kuna jambo la kumweleza mwenye mashine kabla hajaichukua. Ukishuka umeachia ekseleta, injini inazizuia tairi za nyuma tu. Kraunwili inapunguza, hobu zinaipita, rola zinalegea, mbele haisaidii kuzuia hata kama 4WD inawaka kwenye skrini. Kuna mashine zinazoongezewa koili ya pili kwa ajili ya hili, inayoziwezesha rola kubana upande wa pili wakati wa kushuka ili breki ya injini ifike mbele. Hii haina. Kwa hiyo mteremko mkali ni gia ya chini, mwendo wa polepole tangu juu, na breki ya mbele itumike kwa mkono mwepesi. Nyuma ikianza kuserereka, achia breki kidogo tairi zipate kuzunguka na kuongoza.

Kilichobaki: tairi mbili za nyuma za inchi 25 za kudumu, mpira wa jointi ya kushoto ambao umeanza kupasuka kwenye mkunjo, na kumwaga mafuta ya boksi la mbele tena baada ya safari za mwanzo ili yatoke pamoja na uchafu uliobaki kwenye pembe. Waya wa arthi nitauongezea wa pili, kutoka kwenye koili moja kwa moja hadi hasi ya betri, usiopita kwenye fremu.